Mizani ni ya Nani

Binamu yangu wa Dodoma ana Hiace aliyoing'oa viti vyote vya nyuma. Mahali pa viti ameweka kitanda cha mbao, jiko la gesi, madumu mawili ya maji na rafu iliyofungwa mkanda ili vikombe visianguke gari likipita kwenye matuta. Wakati wa mavuno huzunguka nalo mashamba ya zabibu ya Hombolo na Makutupora, akilala humohumo, na mwisho wa wiki huwabeba watu wa Dar es Salaam wanaotaka kuona mvinyo unaanzia wapi. Julai mwaka jana nilimwomba anisindikize kwenye safari isiyo na zabibu: siku moja tu, kutoka Maganzo mkoani Shinyanga hadi kijiji kimoja cha Geita upande wa Bukoli, ambako shangazi yangu alikuwa ameniita nikamsomee mkataba.

Shangazi ana ekari nane za pamba. Mwaka huo vijana waliokuwa wakichimba choo kwa jirani yake walitoa mawe yaliyowashtua, na kabla mwezi haujaisha mtu mwenye leseni ndogo ya uchimbaji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani kwake, na karatasi nne mkononi. Mimi si mwanasheria. Nafundisha historia sekondari, na nilimkumbusha hilo kwenye simu.

"Najua, mwanangu," alisema. "Mwanasheria nitampata, ataniambia sheria inasemaje. Wewe njoo uniambie waliotangulia ilikuwaje kwao."

Kwa hiyo nilikuwa na barabara ya kilomita kama mia mbili na hamsini ya kuamua nimwambie nini.

Tulilala Maganzo, mji uliokua nje ya uzio wa Mwadui. Asubuhi binamu alichemsha chai nyuma ya gari huku mlinzi wa kituo cha mafuta akituangalia kama watu waliofukuzwa nyumba. Wazee waliopita walitusalimu "mwangaluka," tukaitikia, na mmoja akauliza kama tunanunua mawe. Hapa neno "mawe" halihitaji maelezo. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aliligundua hapa bomba la mwamba wenye almasi lenye ukubwa wa hekta 146, mojawapo ya makubwa zaidi yaliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 likatoa jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Williamson alimzawadia binti mfalme Elizabeth aliyekuwa akiolewa mwaka huo, likachongwa, likabaki karati 23.6, na kufikia 1953 lilikuwa katikati ya ua la kubandika kifuani. Kila anayeandika kuhusu Mwadui huanza na jiwe hilo. Mimi hunivutia zaidi almasi za Septemba 2017, ambazo hakuna aliyezipa jina.

Siku hizo serikali ilikamata mzigo wa karati 71,654 kutoka Mwadui ukiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Kuhusu uzito hapakuwa na ubishi, maana karati ni karati. Ubishi ulikuwa wa thamani: karatasi za mzigo zilisema Dola za Marekani milioni 14.8, na serikali ikasema milioni 29.5. Jiwe lilelile, mizani ileile, na tofauti ya karibu mara mbili. Petra Diamonds, iliyokuwa na asilimia 75 ya mgodi tangu 2009, ilikana kwamba ilishusha thamani, na suala hilo halikumalizwa mwaka huo wala uliofuata. Nje ya uzio, vijana wanaoitwa wabeshi wanaendelea kuingia usiku kutafuta kokoto zilizosahaulika, na hao hawana karatasi yoyote ya kubishania. Wanaamini anachosema dalali wa Maganzo.

Niliandika neno moja kwenye daftari: mizani. Sikulipanga. Lilikuja lenyewe na likakataa kuondoka siku nzima.

Kutoka Maganzo kurudi mjini Shinyanga ilikuwa pamba kushoto na kulia, mingine imeshachumwa, mingine bado inaning'inia kwenye miti iliyokauka. Msimu wa kununua ulikuwa katikati. Magunia yalikuwa yamepangwa chini ya miembe, na lori moja lilikuwa limejazwa hadi likaonekana kama nyumba ya manyoya. Mbegu wanazopanda wakulima wa huku huanza na herufi UK, na wanafunzi wangu kila mwaka hudhani ni Uingereza. Ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kilicho karibu na Mwanza. Katika nchi yetu hakuna zao la biashara lenye historia ya kisiasa nzito kama hili, na ni ajabu kwamba kwenye vitabu vya shule linapata aya mbili.

Wajerumani walilileta, Waingereza wakalisukuma, na reli ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika mwaka 1928 marobota yalipata njia ya kufika baharini. Mkulima alipeleka pamba kwenye kituo cha kununulia, mara nyingi kwa mkokoteni wa ng'ombe au kichwani. Mnunuzi, aliyekuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kiasia au karani wake, alipima, akatamka namba, akalipa. Babu yangu mzaa baba alikuwa na hadithi moja tu ya enzi hizo na aliirudia kila mwaka. Alikuwa na jiwe nyumbani ambalo fundi mmoja wa misheni alimpimia kwa mizani ya kweli. Kabla ya kwenda sokoni alining'iniza gunia upande mmoja wa mti na mawe upande wa pili, na hilo jiwe likiwa kipimo cha yote. Alifika sokoni akijua uzito wake. Karani alitamka pungufu. Babu akasema uzito wake halisi. Karani akamwambia, basi peleka kwa mnunuzi mwenzako. Mnunuzi wa pili alikuwa mwendo wa siku moja.

Hadithi ya babu ilikuwa ya maelfu ya watu, na kilichotokea baadaye ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika historia ya Kanda ya Ziwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakulima hawakuanza kwa kudai bei. Walianza kwa kudai mtu wao asimame kwenye mizani. Waliweka wapimaji wao wenyewe, waliolipwa na wakulima, kazi yao ikiwa kupima gunia kabla au pembeni ya mizani ya mnunuzi na kutamka uzito kwa sauti. Ni jambo dogo sana ukilitazama: kijana mmoja, mizani moja, daftari moja. Lakini mtu akishajua kwamba aliibiwa kilo nne, atataka kujua nyingine zilikwenda wapi, na akishakusanyika na wenzake kuhesabu, tayari ana chama. Kijana aitwaye Paul Bomani, aliyezaliwa 1925, mtoto wa mchungaji wa Kisabato, alizunguka Usukuma nzima akivisuka vyama hivyo vidogo. Mwaka 1955 vikawa shirikisho moja, lililojulikana kwa Kiingereza kama Victoria Federation of Co-operative Unions. Kufikia Uhuru lilikuwa likishika pamba yote ya kanda, likimiliki viwanda vya kuchambulia, na likihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha mwaka 1962.

Serikali ya kikoloni iliona hatari iliyokuwa ndani ya daftari lile. TANU ilizaliwa Julai 1954, na kabla mwaka haujaisha ilipigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa, marufuku iliyodumu hadi 1958. Katika miaka hiyo minne ushirika ndio uliokuwa mahali ambapo watu wangeweza kukutana kihalali na kuulizana maswali. Mwaka 1958, watu wa Geita walipokataa baraza la wilaya lililochanganya rangi ambalo wakoloni waliwatengenezea bila kuwasikiliza, walitoka kwa maelfu, wakatembea hadi Mwanza kulikataa mbele ya wakubwa. Polisi waliwarushia mabomu ya machozi. Baraza lilikufa mwaka huohuo. Nikiwasimulia wanafunzi, huuliza nani aliwapanga watu wengi hivyo bila simu. Huwajibu kwamba walikuwa wameshazoea kupanga foleni ya mizani pamoja.

Ningetamani hadithi iishie hapo, na vitabu vingi huiishia hapo. Lakini mwaka 1966 serikali huru ililazimika kuunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika, kwa sababu wakulima walikuwa wanalalamika tena, na safari hii kidole kilichobonyeza mizani kilikuwa cha katibu wa chama chao wenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa kwa amri. Katikati ya miaka ya themanini vikarudishwa. Shinyanga ikapata SHIRECU, Mwanza ikapata Nyanza. Mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, wakamiminika, kila mmoja na mizani yake. Tangu 2018 pamba inapita tena kwenye vyama vya msingi, AMCOS. Wakulima nao si malaika. Kuna wanaomwagia pamba maji na kuchanganya mchanga usiku wa kuamkia soko, na hilo limeiharibia sifa pamba yetu nje. Lakini sijawahi kusikia mtu anayeuamini mzani akihangaika kuloweka gunia.

Binamu, ambaye alikuwa amenyamaza tangu Shinyanga mjini, aliuliza: "Kwa hiyo waliupata mzani, halafu wakaunyang'anywa?"

Nilisema walinyang'anywa mara mbili, mara ya kwanza na watu wao.

Kuelekea Tinde miti huongezeka, na hiyo nayo haikuwa hivyo siku zote. Shinyanga ya Zamani, magharibi mwa mji, ndiyo iliyokuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Kuwashinda mbung'o kulimaanisha kuondoa vichaka, na watu walitolewa kwa maelfu kufyeka. Mbung'o wakaondoka, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapanuka, na kufikia miaka ya themanini Shinyanga ilikuwa ikitajwa kama jangwa linalokuja. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, na kilichouokoa hakikuwa mche kutoka kitaluni. Ilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho ili kiote chenyewe kwa ajili ya kiangazi. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kuwa pori. Nilimwonyesha binamu ngitili moja kando ya barabara. Alisema kwao Dodoma wangekuwa wameshaipanda zabibu.

Tulipofika Isaka, penye bandari kavu na makontena yaliyopangwa kama matofali, nilimsimulia kwamba yeye si wa kwanza kupita nchi hii akiwa na nyumba mgongoni. Julai 1858 John Hanning Speke alitoka Kazeh, yaani Tabora, akimwacha mwenzake Burton akiugua, akaelekea kaskazini na mahema, wapagazi, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India na sasa akawa mkalimani. Tarehe 3 Agosti alisimama Mwanza akaliona ziwa. Alipima kimo cha nchi kwa kuchemsha maji na kuangalia kipimajoto, akapata futi 3,740. Vipimo vya leo vinasema karibu futi 3,720. Kwa chombo alichokuwa nacho ni maajabu. Kisha, baada ya kupima sehemu moja kwa umakini huo, akatangaza kwamba maji yote yale ndiyo chanzo cha Nile, ilhali alikuwa ameona kona moja tu. Alikuwa sahihi, kwa bahati. Miaka kumi na saba baadaye Stanley alipita mashariki zaidi, wapagazi wake wakiwa wamebeba mashua nzima, Lady Alice, vipande vipande, hadi Kageye, walikofika Februari 1875. Binamu alitaka kujua kama wapagazi walilipwa kwa uzito wa mzigo. Swali zuri, lakini tulikuwa tumefika Mwendakulima.

Mwendakulima ni jina la kata nje kidogo ya Kahama, na kwa dereva wa lori ni jina la mizani. Nchini kwetu ukimwambia dereva "mizani" hafikirii pamba wala dhahabu. Anafikiria foleni, na faini ya uzito uliozidi. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yalikuwa yamepanga mstari. Nyuma yake ni Buzwagi, mgodi uliofunguliwa 2009 na kumaliza kazi 2021. Kuzaliwa na kufa ndani ya miaka kumi na miwili: shimo lake ni dogo kiumri kuliko wanafunzi wangu.

Tulikula Kahama mjini, wali na samaki, na binamu akatoa chupa moja ya Dodoma nyekundu kutoka chini ya kitanda akaiweka mezani kwa fahari, bila kuifungua kwa sababu ya uendeshaji. Hapo ndipo aliposema jambo ambalo limenikaa kichwani kuliko mengi niliyosoma. Zabibu ililetwa Dodoma na wamisionari, ambao walihitaji divai ya misa, na kwa jua la Ugogo huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa hawezi kuliota. Hiyo inasikika kama baraka. Lakini zabibu ikishaiva haisubiri. Ukiikata leo na kiwanda kikasema matangi yamejaa, ndani ya siku chache una siki. "Mnunuzi wa zabibu hana haja ya kuchezea mzani," alisema binamu. "Anachelewa tu kufika."

Nikaanza kuyapanga mazao ya safari yetu kwa kipimo hicho. Zabibu inasubiri siku. Pamba inasubiri miezi ukiwa na ghala kavu, na ndiyo maana wakulima wa pamba waliweza kugoma, kujipanga na kujenga chama: gunia la babu lingeweza kurudi nyumbani. Dhahabu inasubiri milele. Kwa hesabu hiyo mchimbaji wa dhahabu alipaswa kuwa na nguvu kuliko wote. Hana, kwa sababu dhahabu inasubiri lakini yeye hasubiri. Amekula kwa mkopo wa mwenye duara tangu wiki ya kwanza. Amekopeshwa baruti, maji, mbao za kuzuia kuta, na dalali aliyempa hela ya dawa ya mtoto ndiye anayekaa na kimzani kidogo cha betri jioni.

Kaskazini ya Kahama tuliingia kwenye mavumbi. Kakola ni mji wa Bulyanhulu, na Bulyanhulu ni mahali ambapo hata hesabu ya watu haikukubaliwa. Wachimbaji wadogo walikuwa wamejaa hapa tangu miaka ya themanini. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu yao kwa bei nzuri, na kwa muda mfupi serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi wao mkubwa. Kisha, Agosti 1996, waliondolewa kwa nguvu kupisha kampuni ya Kikanada iliyokuwa na leseni. Wanasheria wa mazingira walisema waliofukuzwa ni mamia ya maelfu; kampuni ilisema ni wachache mno kuliko hapo. Kulikuwa na madai kwamba wachimbaji zaidi ya hamsini walifukiwa wakiwa hai kwenye maduara. Serikali na kampuni zilikana, na wachunguzi wa Benki ya Dunia, katika ripoti ya 2002, walisema hawakupata ushahidi wa kuyathibitisha. Ukikaa kwenye kibanda cha chai pale Kakola hadi leo utakutana na watu wazima wanaosimulia siku ile kwa sauti ya chini, kila mmoja na idadi yake. Barrick ilinunua mradi mwaka 1999, na mgodi ukaanza uzalishaji 2001.

Bulyanhulu ndiyo iliyotufundisha neno makinikia. Sehemu ya dhahabu yake hushikana na shaba, na badala ya kuyeyushwa hapa ilisafirishwa nje ikiwa mchanga mzito ndani ya makontena. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia usafirishaji. Makontena 277 yalikuwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Mruma ikafungua, ikapima, na Mei ikatangaza kwamba dhahabu iliyokuwamo ni mara nyingi ya iliyoandikwa. Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi hiyo, ikasema kama namba hizo zingekuwa za kweli basi ingekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa dhahabu duniani. Likaja deni la kodi la Dola bilioni 190. Mwishowe Barrick ilikubali kulipa Dola milioni 300, serikali ikapata asilimia 16 ya hisa, na Januari 2020 mkataba wa kampuni mpya ya ubia, Twiga Minerals, ukatiwa saini. Kati ya bilioni 190 na milioni 300 kuna shimo ambalo hakuna mgodi uliowahi kulichimba, na wenzangu wengi hulitumia kuthibitisha kwamba namba za kamati zilikuwa siasa. Huenda. Mimi huona jambo jingine: nchi ilikuwa imesafirisha mchanga huo kwa miaka, na siku ilipotaka kujua uzito wake ililazimika kuvunja makufuli bandarini. Hapakuwa na kijana wetu na daftari mgodini.

Tulifika kwa shangazi saa kumi na nusu. Tuliinama kumsalimu, akatupa maji, akaizunguka Hiace mara mbili na kuuliza choo kiko wapi. Kisha akaleta karatasi nne.

Sheria ni rahisi kuieleza na ngumu kuimeza. Madini yaliyo chini ya pamba ya shangazi si yake. Ni mali ya umma, na mwenye leseni ndogo, inayodumu miaka saba na kutolewa kwa Mtanzania pekee, ndiye aliyepewa haki ya kuyachimba. Cha shangazi ni ardhi ya juu. Bila kuelewana naye au kumfidia, mwenye leseni hawezi kuanza. Kwa hiyo mkataba ulikuwa wa maelewano: yeye anafungua shamba, naye anapewa asilimia kumi ya "dhahabu itakayopatikana."

Nilimweleza safari nzima, kuanzia karati za Maganzo. Alinisikiliza huku akichambua mboga. Nilipofika kwenye wapimaji wa wakulima alisema baba yake, yaani babu, aliwahi kuchangia mshahara wa mmoja wao, jambo ambalo mzee hakuwahi kunisimulia. Mimi alinisimulia jiwe tu. Nilipofika kwenye makinikia akaacha mboga.

"Hapa mchanga unabaki wapi?" aliuliza.

Ilikuwa ukurasa wa tatu. Mawe yakitoka kwenye duara husagwa kwenye karasha, huoshwa, na dhahabu hunaswa kwa zebaki. Njia hiyo hukamata sehemu tu. Iliyobaki huondoka na mchanga, ambao wachimbaji huuita marudio, na marudio huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi wanaoikamua dhahabu iliyokuwa imejificha. Mara nyingi hapo ndipo faida kubwa ilipo. Mkataba ulisema marudio yote ni mali ya mwenye leseni. Na "dhahabu itakayopatikana" ingepimwa kwenye mwalo wake, kwa mzani wake, baada ya kuosha. Hakuna mahali palipotaja soko la madini. Mjini Geita lipo tangu Machi 2019, la kwanza nchini, na siku moja kabla ya pale mchimbaji mdogo hakuwa na mahali pa kujua bei ya siku isipokuwa mdomo wa dalali. Mauzo yakipita sokoni hubaki na risiti. Yasipopita, asilimia kumi ya nini?

Mwenye leseni alikuja jioni ileile kwa pikipiki, kijana mpole, amevaa vizuri, akamwita shangazi "mama" na kumwamkia ipasavyo. Simdhani kuwa mwizi. Alisema mkataba ule ndio unaotumiwa na kila mtu huku. Shangazi alimkaribisha chai, akamwambia ana maombi matatu. Mgao wake uhesabiwe kwa mifuko ya mawe, mdomoni mwa duara, kabla ya karasha, na mifuko yake aichague yeye. Marudio ya mifuko yake yabaki yake. Na mjukuu wake, anayemaliza kidato cha nne, awe na haki ya kukaa duarani kila siku na daftari.

Kijana alicheka kidogo kwenye hilo la tatu. Akauliza mjukuu atalipwa na nani.

"Na mimi," alisema shangazi.

Alisema atawasiliana na wenzake, atarudi Alhamisi. Mpaka ninapoandika hii wameshaonana mara tatu; la kwanza wamekubaliana, la pili bado, la tatu wanazunguka.

Binamu alifungua chupa yake hatimaye, shangazi akaonja na kusema ni siki. Kisha akatuita ghalani. AMCOS ingepima pamba yake kesho yake asubuhi, na kwenye boriti alikuwa ametundika mzani wa springi alioununua Katoro. Mimi na binamu tulinyanyua gunia moja moja, yeye akishika tochi ya simu na kusoma namba kwa sauti, mjukuu akiandika. Magunia kumi na moja. La mwisho lilikuwa kilo 63.